Gari la Idjwi Lisilofutwa Vumbi

Rafiki zangu wa kwaya,

Tangu nirudi, kila baada ya misa mnaniuliza swali lilelile: ile gari ilikuwaje? Nimewajibu kwa vipande, na kila mara nimekatisha palepale panapoumiza. Leo naandika yote, mwanzo hadi mwisho, halafu msiniulize tena.

Chanzo cha safari mnakijua nusu. Mbelgiji mmoja aliniandikia barua. Mjomba wake alikuwa na shamba la kahawa na miti ya kwinini kisiwani Idjwi, na alipoondoka zamani zile aliacha gari jeusi ndani ya hangari, banda la mbao. Lilikuwa gari la Kifaransa lenye pua ndefu, lililoletwa kwa tishari na kutembea miaka michache tu, maana Idjwi barabara ni chache. Mpwa huyo alisema huko Ulaya, mnadani, gari kama hilo lililotolewa ghalani na mavi ya kuku juu yake na kiota cha panya kitini liliuzwa bei kubwa kuliko lililopakwa rangi mpya na kung'arishwa. Alitaka picha kwanza. Mstari mmoja aliupigia wino mara mbili: nisilifute, nisilipulizie hata pumzi.

Mke wangu aliposomewa barua hiyo alicheka mpaka akakaa chini. "Basi wakuye wanunue na jiko yangu," alisema. "Miaka kumi sijaikwangua."

Nilikwenda. Kazi ya picha ilikuwa imekufa mjini. Vita ya pili hapa kwetu ilikuwa imetimiza mwaka na zaidi, na hakuna aliyefanya harusi ya kupigwa picha.

Bukavu hadi Katana

Nilipanda kamioneti iliyobeba sabuni na chumvi. Mvua ilikuwa imekatika alfajiri, na barabara ilikuwa inateleza. Niliona nyumba zenye milango iliyofungwa na moshi ukitoka paani. Watu walikuwemo. Walikuwa wamejifungia tu, saa tatu asubuhi, wakisikiliza injini yetu ipite.

Kwenye kizuizi kimoja tulikaa karibu saa mbili. Mwanajeshi mmoja, mtu mzima mwenye mvi kidevuni, alifungua mfuko wangu akakuta kamera.

"Unaenda kupiga foto ya nini?"

"Ya gari ya zamani, shefu. Haitembee tena."

Nilidhani atacheka au ataichukua. Alivaa kofia yake vizuri, akasimama kando ya mgomba. "Unipige miye."

Nikapiga. Nikamuuliza nitamletea vipi picha yake.

"Usilete," akasema. "Uichunge kwako. Kama siku moja mama fulani anakuya kuuliza kama uliniona, utamuonyesha."

"Mama gani? Jina lako nani?"

Alifungua kamba ya kizuizi, akatupungia mkono tupite. Dereva alikanyaga mafuta kabla sijafunga mlango.

Kuvuka ziwa

Mtumbwi wa injini wa Muzee Kabunga ulikuwa uondoke Katana saa tano. Tuliondoka saa tisa. Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji, na Muzee hakutaka kukutana na doria ya askari bila kuiona kwanza. Wakati wa kungoja nilikula foufou ya muhogo na sambaza, samaki wadogo wa kukaanga, kwa mama mmoja pale ufukoni, na hao sambaza ndio kitu kizuri cha mwisho ninachokikumbuka kuhusu siku ile.

Katikati ya ziwa Muzee alizima injini. Alifanya hivyo kila mara, wakaniambia, ili asikilize. Watu ishirini na kitu tukakaa kimya. Maji yaligonga mbao. Kisha tukasikia mtu anakohoa ndani ya ukungu, karibu kabisa, upande wa kulia. Akakohoa tena, upande wa kushoto. Hatukuona chombo, wala kusikia kasia. Muzee alingoja kidogo, akavuta kamba ya injini, tukaendelea. 

Nafikiri ni woga ule ulionifungua mdomo. Mtu akiogopa hupenda kusikia sauti yake mwenyewe. Mama muuza masufuria aliyekaa kando yangu aliniuliza ninakwenda kufanya nini, nami nikamweleza habari za mnada, kwamba huko Ulaya gari chafu, lisiloguswa, laweza kuzidi bei ya nyumba.

"Bazungu banunue vumbi?" akasema. "Papa, ile ni uongo. Banakudanganya. Iko kitu ndani."

"Hakuna kitu, mama. Wanapenda tu iwe vile ilivyoachwa."

"Iko kitu," akarudia, akatazama nyuma. Mwanaume mmoja mwenye koti la mvua la kijani alikuwa ameinama kutusikiliza. Kabla hatujafika pwani, habari ilikuwa imeshazunguka mtumbwi mzima: tangi la gari la mzungu lina merkiri nyekundu, ile zebaki inayosemekana kuzidi bei ya dhahabu. Mnaijua stori ile. Ni kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona, na kimeshaua watu wengi.

Kwa miguu hadi shambani

Nililala kwa katekista wa kijiji cha pwani, na asubuhi nikaanza kupanda. Katekista alinipa nanasi na ndizi za kuchoma, akanionyesha njia, ila hakunisindikiza.

"Ukifika kule, usiongee nguvu," aliniambia. "Kule iko mutu mwenye kusikiliza."

Nilitembea saa tatu. Kahawa ya mjomba yule ilikuwa imegeuka pori, inanizidi kimo, na nyuzi za buibui zilinifunga uso. Kila niliyemuuliza njia aliniuliza, "Unaenda ku motokari?" akaelekeza kwa kidevu na kuondoka.

Karibu saa sita mchana nilisikia sauti ya mwanamke ikiita. Haikuwa sauti ya kulia wala ya hasira. Iliita kama mama anavyoita watoto wakati chakula kimeiva. Majina matatu: "Nsimire! Furaha! Bahati!" Ikanyamaza kwa muda wa kusema Salamu Maria moja, kisha ikaita tena, kwa mpangilio uleule. Nilikaza mwendo nikidhani nitakuta nyumba na watoto, labda na maji ya kunywa.

Nyumba ya mjomba haikuwa na paa. Hangari peke yake ilikuwa imesimama, kuta za mbao, mlango wazi. Sauti ilikuwa imenyamaza, na uwanjani hapakuwa na mtu.

Hangarini

Gari lilikuwa pale, limeegeshwa kinyumenyume, mgongo wake karibu kugusa ukuta wa mbao, na magunia yaliyooza yamerundikwa nyuma yake. Vumbi lilikuwa nene kama blanketi, la rangi ya maganda ya viazi. Matairi yalikuwa yamekufa. Ungedhani hakuna kidole kilichowahi kupita juu ya bati lile. Nakiri kwamba nilielewa kidogo wale watu wa mnadani. Ilikuwa kama kuingia chumba ambacho mtu ametoka sasa hivi.

Niliinama kwenye kioo cha mlango wa nyuma nione viti. Ndani ya gari, uso ulikuwa ukinitazama.

Nilirudi nyuma nikagonga nguzo, kamera ikanipiga kifuani. Uso ukainuka, ukazunguka mbele ya gari, na nikaona ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye kitambaa cheupe kichwani. Alikuwa ameinama upande wa pili, na tulikuwa tumetazamana kupitia vioo viwili.

"Papa, usiguse," alisema.

"Sigusi, mama. Nimetumwa kupiga foto tu. Mwenye gari hataki iguswe."

"Hataki?"

"Hataki hata ifutwe vumbi."

Alinitazama kwa muda mrefu, kama mtu aliyekutana na ndugu asiyemtegemea. "Basi karibu," akasema. "Miye njo Mama Nsimire."

Kisha akanionyesha. Kwa ndani, kwenye kioo cha mlango wa nyuma, kulikuwa na alama za viganja. Viwili vilikuwa vidogo sana, vingine viwili vikubwa kidogo, na juu yake kimoja cha mtoto mkubwa, vidole vimetanuka. Mama Nsimire aliinua mkono wake akauweka kwa nje, mbele ya kile kikubwa, bila kugusa kioo. Ulibaki upana wa sindano.

Alinisimulia akiwa amekaa kwenye gunia, ananimenyea muhogo. Mume wake alikuwa dereva wa shamba, akafa kwa homa, akamwachia ufunguo wa gari. Katika vita ya kwanza watu wenye bunduki walipanda kutoka pwani. Mama mkwe wake alikuwa hawezi kutembea.

"Nilikuwa na batoto batatu na muzee moja wa kubeba," alisema. "Niliingiza batoto mu motokari. Nsimire alikuwa na miaka kumi na moja, nikamupa fungulo. Nikamuambia: mufunge milango yote, musifungulie mutu, mpaka musikie sauti yangu. Nikabeba muzee ku migomba. Nilirudia kisha saa moja, labda mbili. Milango yote ilikuwa imefungwa. Fungulo iko ku kiti, ile pale, uiangalie. Na batoto hawako."

Nilitazama. Ufunguo ulikuwa kwenye kiti cha dereva, umefunikwa na vumbi lake.

"Juu ya nini hukuvunja kiyoo, mama?"

"Nivunje ili nitoe nani? Ndani hamukuwa mutu." Akanipa muhogo. "Nilizunguka kisiwa muzima. Hakuna mwenye kuwaona. Basi kila siku nakuya kuita. Nilibaambia bangojee sauti. Nikienda mbali, nani ataita? Na kama mulango haijafunguka, basi hawajatoka. Akili inakatala, papa. Lakini moyo inasema vile."

Nje kulikuwa na jua kali, kuku wake wawili wanachakura, na mimi nilikuwa naogopa kugeuza shingo kutazama kile kioo.

Nilimaliza filamu nzima. Nilipiga vile viganja mara nyingi kuliko nilivyolipiga gari. Jioni hiyo alinipikia mboga za lengalenga na maharagwe, nikalala kwenye kibanda cha mama mkwe wake, ambaye alikuwa ameshakufa.

Wenye vyuma

Walikuja asubuhi tukiwa tunakunywa uji. Watu sita, watatu wana bunduki, wengine wana nondo na shoka. Aliyewaongoza njia alikuwa na koti la mvua la kijani. Nilimtambua, naye akanitabasamia kama mtu ninayefanya naye biashara.

Ninaandika hili wazi, kwa sababu sijawahi kuwaambia: ni mdomo wangu uliowaleta.

"Merkiri iko wapi?" aliuliza mkubwa wao.

Niliapa kwa Mungu na kwa watoto wangu kwamba hakuna. Mmoja akanivua kamera, akaifungua, akavuta filamu yote nje juani, mita moja na nusu, pamoja na picha ya yule mwanajeshi wa kizuizini, akaitupa majanini. Mama Nsimire alikuwa ameenda kusimama mbele ya mlango wa nyuma wa gari, mikono imetanda.

"Mama, toka."

"Muko batoto humu," alisema.

Wakasita. Niliwaona wakisita, watu wazima wenye bunduki. Yule mkubwa aliinama akachungulia kioo, akaona viganja, akarudi hatua moja. Nadhani kama angekuwa peke yake angeondoka. Lakini wenzake walikuwa wanamtazama. Akamsukuma mama pembeni, wakapiga kioo kwa nondo.

Hewa iliyotoka mle ndani niliisikia puani nikiwa mlangoni. Ngozi iliyooza, petroli ya zamani, na kitu kingine, jasho la watoto, au niliwaza tu. Mama Nsimire alifunga macho akaivuta.

Walitoboa tangi, likatoa tone moja la kutu. Walichana viti. Walipong'oa mgongo wa kiti cha nyuma, mwanga uliingia kutoka nyuma ya gari. Mmoja akapaza sauti. Nyuma ya kiti palikuwa wazi moja kwa moja hadi sanduku la mizigo, na mfuniko wa sanduku haukuwa umefungwa. Ulikuwa umeinuliwa kidogo na kuegemea ukuta, magunia yameuficha. Chini ya ukuta mbao mbili zilikuwa zimesukumwa nje. Mtu mzima asingepita pale. Mtoto angepita.

Wenye vyuma hawakujali. Walilaani mzungu, wakanilaani mimi, wakachukua kuku wote wawili na kamera, wakaondoka.

Mama Nsimire aliingia kwa magoti ndani ya gari lililochanwa. Alipitisha mkono kwenye lile tundu, kisha kichwa. Alikaa hivyo muda mrefu, nusu ndani ya sanduku. Alipotoka uso wote ulikuwa na vumbi, na machozi yamechora mistari.

"Walitoka," alisema. "Papa, walitoka siku ile ile. Na miye niko hapa naita motokari."

Alikwenda kibandani, akafunga kitenge kimoja na sufuria. "Tuende."

Kurudi Katana

Tulivuka na Muzee Kabunga Jumamosi. Mama Nsimire hakuwahi kutoka kisiwani tangu vita ya kwanza, na mtumbwini alishika ubao kwa mikono miwili. Alimuuliza Muzee kama siku ile ya vita wavuvi walivusha watoto. Muzee alifikiria, akasema wavuvi walivusha yeyote aliyefika majini, hawakuuliza majina, na waliowashusha Katana waliwaacha kwa masista.

Sista aliyetupokea alikuwa mzee, anatembea kwa fimbo. Alileta daftari la watoto waliofika peke yao. Alipitisha kidole kurasa nyingi, akasimama.

"Furaha, miaka sita. Bahati, miaka ine. Batoka Idjwi."

Mama Nsimire alishika ukingo wa meza. "Na Nsimire."

"Wawili tu, mama."

"Walikuwa batatu, sista."

"Mimi njo niliwapokea. Wawili." Sista alivua miwani. "Tuliwauliza kama beko na mukubwa wao. Mutoto mwanamuke akasema: dada amebaki kufunga."

Nje, kwenye zahanati ya masista, wagonjwa walikuwa wakipanga foleni ya dawa na mtu mmoja akacheka kwa sauti. Mimi nilikuwa naona lile gari, milango minne imefungwa, ufunguo kitini.

Sista alieleza taratibu kwamba wale wawili walichukuliwa na familia ya wakulima, watu wema, waliohamia Kamanyola. Mama Nsimire alitazama ziwani, kisha barabara, kisha mimi.

"Papa, niende wapi?"

Mmoja huenda alikuwa nyuma yake, kisiwani. Wawili walikuwa mbele. Alitoka akasimama uani mpaka kivuli cha paa kikafika miguuni mwake, halafu akaokota sufuria.

"Bale wazima kwanza," alisema.

Bukavu

Wengine wenu mlimwona kwetu. Alilala siku mbili, mke wangu akampa viatu, nikampandisha lori la kwenda Kamanyola. Akiwa huko, barua ya pili ya Mbelgiji ilifika. Nilikuwa nimemwandikia kwamba gari limevunjwa. Alijibu kwa furaha kwamba hata lililovunjwa lina wanunuzi wake siku hizi, bora nisiokote vioo, niache kila kipande kilipoanguka. Sikumjibu.

Baada ya wiki tatu Mama Nsimire alirudi na watoto wawili. Furaha alikuwa na miaka tisa, Bahati saba. Bahati alikula maharagwe sahani nne bila kuinua kichwa. Mama yao ndiye aliyenisimulia, jikoni, wakati watoto wanaoga.

Furaha alikumbuka yote. Watu waliingia uwanjani wakiongea. Nsimire, ambaye baba yake alikuwa akimchezesha ndani ya gari lile, alijua mgongo wa kiti cha nyuma unatoka na kurudishwa. Aliwasukuma wadogo zake kupitia sanduku na zile mbao, akawaambia wapite kwenye maharagwe mpaka kwa wavuvi, wasigeuke. Wakamuuliza wewe je. Akasema, miye nafunga. Furaha aligeuka, ingawa alikatazwa. Alimwona dada yake ametoka kwa nyuma na kukimbia, gauni la njano, akielekea juu, kwenye kahawa, mbali na ziwa. Na alikuwa anapiga kelele makusudi. Watu wote wakamfuata.

"Hakukamatwa mbele ya macho ya Furaha," mama alisema. "Sijui kingine. Nitaenda kutafuta mu kahawa, muti kwa muti. Nikikuta mifupa, nitazika. Nikikosa, nitajua aliwashinda mbio."

Asubuhi niliwasindikiza bandarini. Watu walikuwa wengi, mapakacha, mbuzi, askari wanakagua mizigo. Alikuwa amemshika Furaha mkono wa kulia na Bahati wa kushoto. Karani wa mtumbwi alikuwa anaita abiria, na mimi, kwa kuona Furaha ndiye mkubwa aliye naye mkononi, nilimsukuma mbele nikisema, "Pita, Mama Furaha, wanakuita."

Aligeuka. Hakukasirika. Alinirekebisha tu, kwa sauti ileile niliyoisikia mara ya kwanza kutoka ndani ya kahawa.

"Mama Nsimire," alisema, akawapandisha watoto.